Kichupa cha Watu Kumi

Juzi redio ya hapa Arua, Uganda, ilisema kwamba chanjo za korona zilizobaki kwenye maghala zimepitwa na wakati na zitachomwa moto. Nilikuwa ofisini nasahihisha madaftari ya darasa la tano. Niliweka kalamu chini nikacheka, na kicheko chenyewe hakikumpendeza mwalimu mwenzangu wa meza ya pili, kwa maana aliniuliza nani amenikosea. Nikamwambia ni habari ndefu. Kwa kuwa ni mtu mwenye adabu zake, hakuuliza tena, akaniletea chai.

Nilimdanganya. Habari yenyewe ni fupi. Ni ya kichupa kimoja kidogo, kifupi kuliko kidole changu cha shahada, na ya shangazi yangu aliyekitaka.

Shangazi huyo, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenilea kule Koboko. Aliolewa na askari, akaishi kambi moja baada ya nyingine, mpaka mume alipofariki naye akarudi nyumbani na masanduku ya bati na Kiswahili cha jeshi. Kwetu kila nyumba ina lugha yake ya kulilia na kuchekea, na Kiswahili ni cha soko na cha askari. Yeye alikifanya cha nyumbani. Mbuzi aliwaamrisha kwa Kiswahili, kuku aliwafukuza kwa Kiswahili, na mimi akanilea kwa Kiswahili hicho hicho ambacho neno tafadhali halimo. Watu walimwogopa kidogo na kumpenda zaidi, kwa sababu sufuria yake haikuwahi kumnyima mtu.

Udhaifu wake ulikuwa mmoja tu, kifua. Alikuwa na pumu. Msimu wa kuchoma nyasi, moshi ukipita tu, alikaa mlangoni akivuta pumzi kama mtu anayevuta ndoo nzito kisimani. Daktari mmoja alimwambia wazi, nikiwepo, kwamba korona ikiingia kwenye kifua kile haitatoka yenyewe. Toka siku hiyo shangazi, ambaye hakuwahi kumwogopa mtu mwenye bunduki, aliogopa. Alitaka chanjo. Aliitaka kuliko mtu yeyote ninayemjua, na bahati yake mbaya ni kwamba aliitaka mahali ambapo karibu kila mtu aliikimbia.

Mimi nilikuwa naye. Korona ilipofunga shule, walimu wa Arua tuligeuka wauza mandazi na waendesha bodaboda, na mimi nikafunga chumba changu chini ya Arua Hill nikarudi Koboko kulima. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Shangazi alinipa langu kabla sijamaliza kunywa maji ya kufikia.

Mwaka wa pili wa ugonjwa chanjo ikaja. Walimu tuliitwa Arua tukadungwe, nikapanda gari nikaenda. Nilisimama kwenye mstari toka asubuhi hadi jua likanizungusha kichwa, na kila baada ya muda mlango wa nyuma ulifunguka akaingia mtu mwenye kitambi na simu mbili. Mbele yangu wanawake wawili waligombania nafasi mpaka mmoja akachaniwa gauni. Mchana akatoka mhudumu akatuambia dawa imekwisha, twendeni nyumbani tusikilize redio. Niliporudi Koboko mikono mitupu, shangazi hakunipa hata pole. Alisema anajua ilipo dawa ambayo hakuna anayeigombania.

Alikuwa amesikia kwamba kituo chetu cha afya, kile kilicho kando ya barabara ya kwenda mpakani, kilipelekewa chanjo na haijaguswa. Tulikwenda kesho yake. Shangazi alivaa kitenge chake cha kanisani na maski aliyoishona mwenyewe, akaninyoosha kola ya gauni kana kwamba mimi ndiye ninayepelekwa.

Kituo kile kilikuwa na friji moja ya umeme wa jua, mabenchi mawili barazani, na ukutani maandishi ya rangi ya bluu yaliyosema kinga ni bora kuliko tiba. Kilikuwa pia na sista mmoja, muuguzi mwembamba aliyetoka ng'ambo ya mto Nile, ambaye hakujua lugha zetu, kwa hiyo alizungumza nasi Kiswahili. Shangazi akampenda papo hapo kwa sababu hiyo. Tulikuwa watu wanne barazani: sisi wawili, mzee mmoja, na mwanamke mfanyabiashara wa Sudan Kusini aliyetaka kudungwa ili asisumbuliwe mpakani.

Sista alituhesabu kwa macho, akatuhesabu tena. Kisha akaeleza. Kichupa kimoja ni dawa ya watu kumi. Kikishafunguliwa hakilali, kinachobaki jioni kinatupwa. Kwa hiyo hafungui mpaka watu kumi wakae kwenye benchi. Turudi siku nyingine, tuje na wengine.

Shangazi alidhani ni mzaha wa wageni.

"Sista, dawa iko?"

"Dawa iko, mama. Watu ndiyo hakuna."

"Mimi si mutu?"

Sista alicheka kwa aibu, akatazama sakafu. Tulirudi nyumbani. Njiani shangazi alikuwa bado anacheka, anarudia hadithi kwa kila tuliyekutana naye, jinsi serikali inavyowauza wagonjwa kwa jumla badala ya rejareja. Wiki iliyofuata tulipokwenda tulikuta watu sita, na hakucheka sana. Safari nyingine tulikuwa saba, kisha watano. Mvua ilinyesha siku moja tukajikuta sisi wawili na sista, tumekaa tukitazama barabara. Nyuma ya mlango nilisikia friji inanguruma. Niliwaza kwamba kule Arua watu wanachaniana nguo kwa ajili ya kitu ambacho hapa kinapata baridi kila siku bila mwenyewe, na hasira ilinijaa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, waliosema hayo hawakukosea.

Mtu atauliza kwa nini sista hakufungua tu. Nilimwuliza, tena si kwa upole. Akaniambia kwamba wakati fulani aliwahi kufungua kwa watu sita, akaitwa ofisini, akasimamishwa mbele ya wenzake aulizwe dawa ya serikali aliimwaga wapi, na akaambiwa akirudia atahamishwa. Alikuwa na mtoto anayenyonya. Nilimwelewa, na kumwelewa hakukunipunguzia chochote.

Na mtu atauliza tena kwa nini watu hawakuja. Walikuwa na sababu za kila rangi. Ukidungwa huzai. Ukidungwa uanaume unabaki jina. Ukidungwa sasa utakufa baada ya miaka miwili, wote kwa mkupuo. Mhubiri mmoja alisema ni alama ya yule mnyama wa Ufunuo, na wengine walisema tu kwamba wazungu hawajawahi kutupa kitu cha bure. Kisha serikali ikazuia magari kutoka wilaya moja kwenda nyingine, vifo vikaanza kusikika hata upande wetu, na bado watu waliogopa sindano kuliko kaburi. Kaburi walilizoea.

Hapo ndipo shangazi akapata wazo lake. Alilipata jikoni, na alilitoa kama amri.

"Tunapika kwete."

Kwetu kazi ikikushinda peke yako unapika kwete, ile pombe ya mahindi na ulezi, unaita majirani. Wanakuja asubuhi na majembe yao, wanalima shamba lako mpaka jua likolee, kisha wanakaa kunywa na kula. Hawadai kitu zaidi ya hapo, na wewe kesho ukiitwa kwao huwezi kukataa. Shamba letu la muhogo lilikuwa limemezwa na magugu. Shangazi alipanga hivi: aite watu, walime, halafu kabla ya kunywa awapeleke wote kituoni kama kikosi, wakae kwenye benchi, kichupa kifunguliwe, ndipo warudi kwenye vyungu. Mikutano ilikuwa imekatazwa wakati ule, lakini mwenyekiti wa kijiji alisema shamba si mkutano, na akaagiza awekewe chungu chake.

Niliona ni wazo zuri. Mkono mmoja hauchinji ng'ombe, na kwetu hakuna kitu kinachokusanya mikono kama kwete. Tulichachua mahindi, tukakausha, tukasaga, shangazi akasimamia kila kitu akiwa amekaa mbali na moshi, akinipigia kelele niongeze kuni. Siku hizo alikuwa na furaha. Kifua chake kilikuwa kimetulia, na aliniambia kwamba akishadungwa atakwenda sokoni kila siku ya soko, akae katikati kabisa ya watu, asinunue kitu.

Walikuja wengi. Alikuja jirani yetu mfyatua tofali, mwanaume mkubwa mcheshi ambaye vicheko vyake husikika kabla yeye hajafika, na siku ile kikohozi chake pia. Alisema ni vumbi la tofali. Hakuna aliyetilia maanani, sote tulikuwa na kikohozi cha kitu fulani. Walilima vizuri, kwa nyimbo na matusi ya utani, na kabla jua halijafika kichwani magugu yalikuwa yamelala. Shangazi akasimama ukingoni mwa shamba akawashukuru, kisha akatangaza kwamba sasa wanakwenda kwa sista kwanza, kwete inasubiri.

Waliegemea majembe yao. Halafu mwanamke mmoja akasema, taratibu kabisa, kwamba hajawahi kuona mtu analima kisha anaambiwa pombe iko nyuma ya sindano. Mwingine akasema amesikia serikali inampa zawadi anayeleta watu. Mfyatua tofali akacheka akasema shangazi ananunua mikono yao kwa kwete kama mtu anayenunua kuku. Wote wakacheka, lakini miguu haikusogea. Nilimwona shangazi anawaza. Ingekuwa siku nyingine angewatukana mpaka watawanyike. Siku ile hakuweza kumkasirisha hata mmoja, kwa sababu alihitaji kila mkono uliokuwa pale. Akasema haya, chungu kimoja, kisha twende.

Mimi nilikuwa nimeazima vikombe vya plastiki kutoka kanisani, kila mtu na chake, kwa sababu redio ilituimbia kutwa kwamba tusichangie vyombo. Nilivileta kwenye karai, vimeoshwa. Mfyatua tofali alichukua kimoja akakigeuza mkononi kama anakagua tofali lililopasuka.

"Mwalimu, sisi iko na kidonda ya mudomo?"

Kwete kwetu hunywewa kwa kibuyu kimoja kinachozunguka. Anayetoa kikombe chake anakuambia, bila kufungua mdomo, kwamba anakushuku. Na kuna lingine: kila chungu kinapofunguliwa, mwenye nyumba ndiye anayeonja kwanza, mbele ya macho ya watu, ili kila mtu aone kwamba hakuna sumu. Shangazi alitazama vikombe vyangu. Alijua maana yake, alijua kuliko mimi, kifua kilikuwa chake. Akaniambia nivirudishe ndani.

Nilivirudisha. Chungu kimoja kikawa viwili, viwili vikawa vingi. Penye wengi hapaharibiki neno, ndivyo tunavyosema, na mimi tangu siku ile nikiusikia msemo huo naondoka. Kila chungu kilipofunguliwa, shangazi alivua maski, akapokea kibuyu kile kile kilichotoka kupita midomo ya watu wote, akachota, akaonja, akakipeleka mbele. Aliwakaribisha kwa uzuri. Alitania, aliwauliza habari za watoto wao mmoja mmoja, na kila aliyetaka kuongezewa aliongezewa. Sijawahi kumwona mtu anajipendekeza namna ile, na sijawahi kumwona shangazi akifanya hivyo kwa mtu yeyote kabla ya hapo. Iliniuma kumtazama.

Mwishowe wakainuka. Tulipotoka nyumbani tulikuwa wengi kiasi kwamba nilianza kuogopa kichupa hakitatosha. Shangazi alikuwa mbele na fimbo yake. Penye njia panda mama mmoja akakumbuka ana mbuzi hajafungwa. Mwanaume mwingine akakaa kando kutoa mwiba, tulipogeuka hatukumwona tena. Watu wakawa wanapungua nyuma yetu kama mahindi kwenye gunia lililotoboka, na kila mara shangazi alipogeuka uso wake ulikuwa mdogo zaidi. Mfyatua tofali hakutoroka. Alitembea nasi, anaimba, mpaka tulipoliona paa la kituo, ndipo akasema anaingia kidogo kwenye mahindi kujisaidia, sisi tutangulie.

Barazani tulimkuta yule mwanamke wa Sudan Kusini amekuja tena, amekaa pale pale alipokaa mwanzo. Sista alitoka akahesabu. Tulikuwa tisa.

"Ngoja," shangazi akasema. "Ya kumi anakojoa."

Watu walicheka, hata sista. Alileta kisanduku cha barafu cha kubebea chanjo akakiweka mezani, akatoa kichupa, akakishika kiganjani. Ndiyo mara ya kwanza nilikiona. Tulingoja. Nikaenda mpaka kwenye mahindi nikaita, sikusikia hata mguu wa mtu. Nilitazama barabara yote mpaka inapopinda. Lori lilipita kuelekea Sudan Kusini, nikalisimamisha kwa mikono miwili, dereva akapunga mkono akaendelea, yeye alishadungwa mpakani. Niliporudi barazani sista hakuniuliza, alinisoma usoni.

Shangazi alimwambia afungue. Sista akasema bado mtu mmoja. Shangazi akasema amwandike yeye mara mbili. Sista akatikisa kichwa, akasema mama, nikifungua moja itakufa, na mimi nitaulizwa.

"Moja ikufe," shangazi akasema. "Na mimi je?"

Hakusema kwa ukali. Kama angesema kwa ukali wake wa kawaida labda nisingekumbuka sana. Sista macho yalimjaa maji. Alikitazama kichupa, akatazama barabara, nikaona kabisa kwamba yuko karibu kufungua, kidole chake kilikuwa juu ya kifuniko. Halafu akakirudisha kwenye barafu akafunga kisanduku. Mimi nilipiga kelele. Nilimwita maneno ambayo mwalimu hatakiwi kuyajua, na sijutii hata moja. Watu wetu sita waliinuka haraka, wakafurahi kama watoto walioachiwa mapema, wakarudi kumalizia kwete.

Hata wiki haikuisha kabla shangazi hajaanza kukohoa. Mwanzo alisema ni moshi. Kisha akaacha kutoa amri, na hapo nikajua. Nilimpeleka hospitali kwa bodaboda, amebanwa kati yangu na dereva, mgongo wake unapanda na kushuka kifuani pangu. Walimwekea hewa, walifanya walichoweza, siwezi kusema uongo juu yao. Lakini yule daktari wa zamani alikuwa amesema kweli kuhusu kifua kile. Neno lake la mwisho kwangu alilisema akisukuma barakoa ya hewa pembeni, aliniuliza kama mihogo imepaliliwa yote. Nilimwambia yote. Nilimdanganya, kipande cha chini walikiacha walipoanza kunywa.

Tulimzika haraka, watu wachache, kama ilivyoamriwa. Sikulalamika juu ya hilo. Ninacholalamikia ni kwamba wale waliochangia naye kibuyu, walioonjewa kila chungu kwa mdomo wake ili wasiogope, siku ile walisimama barabarani, mbali, wamefunika pua kwa nguo, wanamwogopa akiwa ndani ya sanduku. Mfyatua tofali alikuwa miongoni mwao. Hakuwa akikohoa tena, alikuwa amepona. Kama ni yeye aliyeileta, siwezi kuthibitisha. Moyoni nilishamhukumu na sijamwachia mpaka leo.

Baada ya mazishi hofu iliwaingia. Nilisikia kwamba mabenchi ya kituo yalijaa kwa muda, sista akafungua kichupa baada ya kichupa. Walikuja wakanisalimu wakiwa wamekunja mikono ya mashati, kama watu wanaotaka kusifiwa. Mimi sikwenda. Nilipalilia kile kipande cha chini peke yangu, nikavuna, nikakausha, na kila mtu aliyeniambia mwalimu nenda ukadungwe nilimjibu kwamba sina haraka. Ilikuwa hasira tu. Sikuwa naogopa sindano, nilishindwa tu kukaa kwenye benchi lile.

Kilichonipeleka ni kazi. Ilipotangazwa kwamba shule zinafunguliwa, walimu tuliambiwa asiyechanjwa asiingie darasani. Kwa hiyo asubuhi moja nikafunga nyumba ya shangazi, nikatembea hadi kituoni. Hofu ya watu ilikuwa imeshapoa, kama kila kitu kwetu kinavyopoa. Barazani alikuwepo mtu mmoja tu, mfyatua tofali, aliyekosa nafasi wakati wa msongamano. Nilikaa benchi la pili.

"Pole, mwalimu," akasema. "Ile siku tumbo yangu ilikuwa mubaya."

"Tumbo yako ilikuwa na kwete ya shangazi."

Akasogea ukingoni mwa benchi lake. Tulikaa. Nilianza kuhesabu kichwani nani ninaweza kwenda kumwita ili tufike kumi, nikiwa tayari na uchovu wa kazi hiyo. Sista akatoka. Alikuwa amekonda zaidi. Alinisalimu kwa sauti ya chini, akafungua kisanduku, akatoa kichupa, akabandua kifuniko chake na kukichoma kwa sindano, hivi hivi tu, kama mtu anayefungua soda.

Nilisimama. Nikamwambia hajahesabu.

"Siku hizi hatuhesabu, mwalimu. Wakubwa wanasema tufungue tu. Hata mutu moja. Dawa inakaribia kuharibika."

Nilimwuliza amri hiyo ilikuja lini. Alivuta dawa kwenye sindano, akaiinua kwenye mwanga, akaipiga kidogo kwa ukucha. Alisema ilikuja mwezi ule ule, baada ya mama. Hakunitazama. Nikakunja mkono wa gauni nikakaa, kwa sababu nilikuwa na watoto wa darasa la tano wa kufundisha na hakuna kitu kingine cha kufanya. Haikuuma hata kidogo. Kisha akamdunga mfyatua tofali, ambaye alifumba macho, akashukuru, akaenda zake.

Mimi sikuondoka. Sista alisema nikae kidogo nione kama sitazunguka kichwa, na nilipomaliza kukaa huko kudogo niliendelea kukaa. Nilitaka kuona. Jua lilihama kutoka benchi moja hadi jingine. Akaja mwanamke mwenye mtoto wa kupimwa uzito, akaja mtu wa kuomba dawa ya malaria, kwa ajili ya chanjo hakuja mtu. Wakati wa kufunga sista akatoka na sanduku la sindano zilizotumika, kichupa mkononi. Nilimwuliza kimebaki na dawa ya wangapi.

"Wanane," akasema.

Nikamwomba anipe nikishike. Alisita, kisha akanipa. Kilikuwa bado na ubaridi. Nilikiinua nikatazama yale maji yaliyobaki, nikamrudishia, akakitupa.